Kuandaa faili ya nyumba ya kale Mombasa ili iingie kwenye orodha ya urithi wa taifa

Faili nyingi hukwama kabla hata mkaguzi hajatazama nakshi za mlango. Hukwama kwenye namba ya ploti, kwenye jina la mwenye nyumba, au kwenye mwaka wa ujenzi ambao hakuna awezaye kuuthibitisha. Basi anza na karatasi, tepu itafuata.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayokagua, na Waziri ndiye anayetangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kama nyumba iko Mji wa Kale, mlango wa kuingilia ni ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, maarufu kama MOTCO. Mtaa huo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1991, kwa hiyo tayari una kinga ya jumla. Nyumba ya Majengo au ya kando ya Moi Avenue haina kinga hiyo, na lazima ijitetee yenyewe. Omba fomu ya ofisi kabla ya kupima chochote. Ukibuni yako utarudi kupima upya.

Umiliki

Ploti za kisiwani zimegawanywa kwa bloki zenye tarakimu za Kirumi: Mombasa/Block XVI, XXVI na kadhalika. Ukidondosha X moja, umeombea nyumba ya mtu mwingine. Fanya sachi, yaani upekuzi rasmi wa rekodi za umiliki, katika masjala ya ardhi, kisha linganisha namba hiyo na ramani ya upimaji, si na kibandiko cha mlangoni.

Mara nyingi sachi haimalizi mambo. Nyumba ya wakf, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, inahitaji barua ya wasimamizi wa wakf. Idhini ya mpangaji haitoshi, hata kama babu yake alizaliwa humo. Nyumba ya mirathi ambayo haijagawanywa inahitaji saini za warithi wote, pamoja na nakala ya hati ya Kadhi kama ipo. Halafu kuna nyumba bila ardhi, ambapo kuta ni za huyu na kiwanja ni cha yule. Hapo wote wawili waandike. Usipuuze jambo hili: sheria inawapa wenye maslahi nafasi ya kupinga baada ya notisi kutoka, na mrithi mmoja aliyesahauliwa anatosha kukurudisha nyuma.

Kupima na kuchora

Nyumba ya mawe ya matumbawe haina pembe mraba. Ukipima urefu na upana peke yake, vyumba havitaungana kwenye karatasi. Pima pia ulalo zote mbili za kila chumba, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, na uiache tepu ikae kwenye nukta moja ya mwanzo badala ya kupima kipande kwa kipande, maana makosa madogo hujikusanya. Unene wa ukuta upime kwenye uwazi wa mlango au dirisha.

Upana wa chumba ni ushahidi. Boriti za mikoko hazivuki mbali, kwa kawaida chini kidogo ya mita 3, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ukikuta chumba cha upana wa mita 5 bila nguzo, ama ukuta umeondolewa ama dari imebadilishwa kuwa ya zege. Liandike hilo wazi.

Chora ramani ya kila ghorofa, mkato mmoja angalau (mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa wima), na uso wa mbele kwa skeli ya 1:50. Mlango wa nakshi na roshani kwa 1:10. Weka mstari wa skeli ndani ya mchoro, kwani fotokopi hubadilisha ukubwa na maneno "1:50" hugeuka uongo.

Kwa GPS, andika namba za mahali zinafuata mfumo upi wa ramani. Ramani nyingi za Kenya hutumia Arc 1960, simu hutumia WGS84. Ukichanganya, nyumba inahama zaidi ya mita 300. Na usisahau alama ya kusini: bila hiyo nyumba ya Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, inatua Ethiopia.

Picha zipigwe siku ya mawingu. Jua kali hutupa kivuli cha roshani juu ya nusu ya uso wa nyumba. Weka rula ndani ya kila picha ya karibu. Ukikaribia bandari ya zamani, zungumza na walinzi kwanza.

Mwaka wa ujenzi

Tarehe iliyochongwa juu ya mlango ni tarehe ya mlango. Milango huuzwa na kuhamishwa, kwa hiyo tafuta kama fremu imekaa sawasawa ukutani au imezungushiwa viraka. Tarehe ya Hijria isijumlishwe 622 kienyeji: 1312 si 1934, ni 1894 au 1895, kwa kuwa mwaka unaofuata mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua. Kwenye nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi huenda ukakuta mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu, unaotangulia Miladi kwa 56 au 57. 1960 hapo ni 1903 au 1904. Nakili maandishi kama yalivyo, kisha weka hesabu yako pembeni. Yale wazee wa mtaa waliyosema yape safu yake, yasichanganywe na yale yaliyoonekana.

Hali ya jengo

"Imechakaa" haimsaidii mkaguzi. Taja ukuta, urefu kutoka sakafuni, na sababu. Kosa la kawaida ni plasta ya saruji juu ya matumbawe: hufungia unyevu ndani, chumvi hujaa nyuma yake, kisha plasta hudondoka na kung'oa uso wa jiwe. Plasta ya chokaa haifanyi hivyo. Boriti zikague kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, kwani huoza hapo huku katikati zikionekana nzima.

Peleka nakala mbili, moja ugongewe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mweleze mwenye nyumba mapema kwamba jengo likishatangazwa, hata kubadilisha dirisha kutahitaji idhini. Asiyelijua hilo hutia saini leo na kupinga notisi ikitoka.