Kumeza vidonge vya vitamini na madini bila kuamsha kiungulia

Wabaya ni wawili: chuma na vitamini C. Kidonge kikikwama kwenye umio huyeyukia hapohapo na kuuchubua. Kimeze ukiwa umesimama au umeketi wima, kwa glasi nzima ya maji (mililita 200 hadi 250), kisha usilale kwa angalau dakika 30. Kumeza kitandani kwa funda moja la maji ndiko huleta maumivu ya kifua usiku.

Chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kikikuchoma, kimeze pamoja na chakula kidogo. Afadhali kifyonzwe pungufu kuliko ukiache. Usikichanganye na dawa ya kupunguza asidi. Tenganisha kwa saa 2. Vitamini C ichague ya sodium ascorbate, isiyo na ukali wa asidi, na mtu mzima asizidishe miligramu 2000 kwa siku.

Calcium carbonate (aina ya kalsiamu) hutuliza asidi, ila huhitaji asidi hiyohiyo ili ifyonzwe, hivyo imeze pamoja na mlo. Unatumia omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) miaka mingi? Mwombe daktari apime vitamini B12 na magnesi, maana hupungua taratibu.