Kupika Vyakula vya Faraja vya Familia Kulingana na Majira ya Mwaka

Chakula cha faraja hakichaguliwi na ulimi peke yake; hali ya hewa nayo ina kauli. Supu nzito inayosubiriwa kwa hamu wakati wa baridi hubaki sufuriani joto linapopanda, na barafu ya matunda inayogombewa na watoto mchana wa jua haitamaniwi na yeyote siku ya mvua. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuipikia familia yake mwaka mzima hana haja ya kukusanya mapishi mia. Anachohitaji ni kuzielewa mbinu chache, yaani kutokosa kwa moto mdogo, kuumua unga, kuyafanya maziwa yawe mazito kwa mayai au wanga, kugandisha, na kuhifadhi matunda kwa sukari, kisha abadilishe viungo kadiri majira yanavyobadilika. Mwongozo huu unaeleza mbinu hizo kwa vipimo na kwa sababu zake, kwa kuwa mpishi anayejua sababu hakwami kiungo kimoja kinapokosekana.

Majira ya baridi: supu

Supu njema huanza na mifupa na maji baridi. Chukua kilo 1 ya mifupa ya kuku, ikiwamo shingo, mabawa na miguu, uiweke katika sufuria kubwa, uimiminie lita 2.5 za maji baridi, kisha uteleke sufuria kwenye moto wa wastani. Maji yanapopata moto taratibu, protini zilizoyeyuka hugandamana na kupanda juu zikiwa povu la kijivu, ambalo huenguliwa kwa kijiko kipana. Ukianza na maji yanayochemka, protini hizo hutawanyika vipande vidogo vidogo na mchuzi hukosa wangavu wake. Povu likipungua, tia kitunguu kimoja kilichokatwa nusu, karoti mbili na punje chache za pilipili manga, kisha upunguze moto mpaka viputo viwe vinapanda kimoja kimoja.

Acha sufuria katika hali hiyo kwa saa 3 hadi 4, mfuniko ukiwa wazi kidogo. Katika muda huo kolajeni, yaani protini ngumu iliyomo kwenye ngozi na kwenye maungio ya mifupa hugeuka kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoupa mchuzi uzito wake mdomoni. Dalili ya kufaulu huonekana kesho yake: mchuzi uliolala katika jokofu huganda na kutikisika bakuli linaposukumwa. Kuongeza moto ili kuokoa muda hakusaidii, kwani mchemko mkali huyasaga mafuta ndani ya maji na kuuacha mchuzi ukiwa na rangi ya maziwa na ladha ya mafuta. Chumvi itiwe mwishoni kabisa, maana maji hupungua kadiri yanavyochemka ilhali chumvi haipungui.

Mchuzi uliokwisha kuchujwa hupokea karibu kila kitu: nyama iliyochambuliwa, viazi, dengu, mboga za majani au tambi. Tambi na wali, hata hivyo, ni bora vipikwe kando na kutiwa bakulini wakati wa kupakua, kwa kuwa vikilala ndani ya supu hunywa mchuzi wote na kugeuka rojo. Anayependa kutia maharagwe mekundu azingatie jambo lisilohusu ladha. Maharagwe hayo yana lektini ambayo husababisha kutapika na kuharisha isipoharibiwa kwa joto kali. Yalowekwe kwa angalau saa 5, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Moto mdogo peke yake hautoshi, hata ukiendelea kutwa nzima.

Kwa kawaida supu hupikwa nyingi ili itoshe zaidi ya mlo mmoja, na hapo ndipo uangalifu hulegea. Sufuria kubwa iliyoachwa mezani hadi asubuhi hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hilo ndilo joto ambalo bakteria hulipenda. Igawe supu katika vyombo vidogo visivyo na kina kirefu, ipoe, na iingie katika jokofu lenye joto la nyuzi 5 za Selsiasi au chini ya hapo kabla ya saa 2 kupita tangu ilipoepuliwa. Itakaa kwa siku 3 hadi 4. Wakati wa kuipasha, iache ichemke kabisa.

Mkate

Hakuna pishi linalowakusanya watu jikoni upesi zaidi ya mkate, na viungo vyake ni vinne tu: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 325, hamira kavu ya papo kwa papo gramu 7, na chumvi gramu 10. Yafaa kupima kwa mizani badala ya vikombe, kwa kuwa kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinaweza kupishana kwa robo nzima, na tofauti hiyo inatosha kuugeuza mkate mlaini kuwa mgumu. Kazi ya mizani apewe mtoto anayejua kusoma tarakimu. Ataifanya kwa makini kuliko mtu mzima mwenye haraka.

Changanya viungo vyote mpaka kusibaki unga mkavu, funika bakuli, na upumzike kwa dakika 20 kabla ya kukanda. Mapumziko hayo si uvivu: unga huyanywa maji na gluteni, yaani utando wa protini unaolipa donge mvuto, huanza kujijenga yenyewe, hivyo kazi ya mikono hupungua sana. Kisha kanda kwa dakika 8 hadi 10. Donge liko tayari pale kipande chake kidogo kinapovutwa kati ya vidole na kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika upesi. Donge likinata kidogo, lisiongezewe unga mara moja. Mara nyingi kunata huko huisha kadiri linavyokandwa, na unga wa ziada ndio unaoufanya mkate uwe mzito.

Majira ndiyo hupanga muda wa kuumuka. Jikoni mwenye nyuzi 26 au 27, donge huongezeka maradufu kwa takriban saa 1. Katika nyumba yenye baridi, laweza kuhitaji saa 2 au zaidi. Saa ya ukutani basi si kipimo, kipimo ni ukubwa wa donge. Libonyeze kwa kidole kilichopakwa unga: shimo likirudi taratibu na kubakiza alama, endelea, likirudi mara moja, subiri. Siku za baridi maji yawe ya uvuguvugu wa kuvumilika mkononi, kwani hamira hufa joto linapokaribia nyuzi 60. Siku za joto fanya kinyume: tumia maji baridi, au uliache donge liumuke jokofuni usiku kucha, na mkate utapata ladha iliyokomaa zaidi.

Likishaumuka, litoe hewa kwa upole, lipe umbo, liweke katika chombo cha kuokea, na uliache tena kwa dakika 40 hivi. Oka katika oveni yenye nyuzi 220 kwa dakika 30 hadi 35, bakuli la maji ya moto likiwa chini yake, kwa sababu mvuke huchelewesha ngozi ya mkate kukauka na hivyo kuuruhusu utanuke. Mkate ulioiva hutoa sauti ya uwazi ukigongwa chini. Sehemu ngumu kuliko zote ni kuwazuia wanafamilia wasiukate ungali moto. Ndani bado unajishika, na kisu hugeuza kiini chake kuwa ugando unaonata. Asiye na oveni aligawe donge lilelile vipande 8, avisukume viwe bapa, na kuvipika katika kikaango kikavu chenye moto kwa dakika 2 kila upande.

Siku za mvua: maziwa, mayai na wanga

Mvua inapowafungia watu ndani, tamaa huelekea kwenye vitu laini na vitamu. Pudini ya wali ndiyo rahisi kuliko zote: gramu 100 za mchele wa punje fupi, lita 1 ya maziwa, chembe ya chumvi na kijiti cha mdalasini, vyote vipikwe kwa moto mdogo kwa dakika 40 hadi 45 huku vikikorogwa mara kwa mara kwa mwiko unaofika chini ya sufuria. Sukari, gramu 60 zikitosha, itiwe mchele ukishalainika, kwa kuwa ikitangulia huchelewesha mchele kuiva na huongeza hatari ya kushika chini.

Kastadi hudai utulivu zaidi. Pasha mililita 500 za maziwa mpaka yakaribie kuchemka. Kando, piga viini 4 vya mayai na gramu 70 za sukari, kisha umimine maziwa ya moto kidogo kidogo juu ya viini huku ukikoroga, na urudishe mchanganyiko wote kwenye moto mdogo. Viini huanza kuwa vizito karibu na nyuzi 80, na vikizidi nyuzi 85 hukatika vipande vipande. Mpishi asiye na kipimajoto apitishe kidole juu ya mgongo wa mwiko uliochovywa: mstari ukibaki bila kufunikwa, epua mara moja na uimimine kastadi katika bakuli baridi. Ukiongeza kijiko 1 cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye viini, kastadi haikatiki kwa urahisi, na sasa lazima uiache ichemke kwa dakika 1 kamili, kwa sababu viini vina kimeng'enya ambacho, kisipoharibiwa kwa joto, humeng'enya wanga na kuifanya kastadi iwe maji tena ikipoa.

Kuhusu kakao ya moto, siri ni moja tu: unga wa kakao haupendi maji, kwa hiyo ukoroge kwanza na sukari na vijiko 2 vya maziwa mpaka uwe uji mzito, ndipo uongeze maziwa yaliyobaki. Bisi nazo hazihitaji maelezo marefu. Tia punje tatu katika mafuta ya moto, subiri zipasuke, kisha tia zilizobaki na ufunike. Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi, kwa kuwa huweza kuwakaba.

Majira ya joto: kugandisha

Barafu ya matunda hufanywa kwa gramu 600 za tunda bivu lililosagwa, gramu 150 za sukari na maji ya limau moja. Sukari hapa si ya utamu tu. Hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, hivyo ikipungua sana barafu huwa jiwe, na ikizidi haigandi. Uonje mchanganyiko kabla ya kuugandisha na uhakikishe ni mtamu kidogo kupita unavyopenda, kwa maana baridi hupunguza utamu ulimini. Umimine katika sinia bapa, na kila baada ya dakika 30 ukwanguekwangue kwa uma, kwa muda wa saa 3 hivi, ili chembe za barafu zibaki ndogo.

Kastadi ya siku za mvua, bila wanga, nayo hugeuka aiskrimu hata pasipo mashine. Ipoze kabisa jokofuni, itie katika mfuko imara uliofungwa vizuri, na mfuko huo uingie katika mkubwa zaidi wenye barafu na chumvi, sehemu 3 za barafu kwa sehemu 1 ya chumvi kwa uzito. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na kuyeyuka huko hunyonya joto kutoka kwenye kastadi mpaka mchanganyiko ushuke chini sana ya sifuri. Funga mfuko kwa taulo ili baridi isiunguze mikono, kisha wape watoto wautikise kwa zamu kwa dakika 10 hadi 15. Kabla ya kufungua, suuza nje ya mfuko wa ndani, la sivyo aiskrimu itakuwa na chumvi.

Wakati wa mavuno: jemu

Matunda yakijaa kuliko yanavyoweza kuliwa, yahifadhiwe. Kwa kilo 1 ya matunda, andaa gramu 800 hadi 1000 za sukari na maji ya malimau 2. Jemu hushikana kwa sababu ya pektini, yaani kigandisho cha asili kilichomo ndani ya matunda, nayo pektini hushikana panapokuwa na sukari na uchachu wa kutosha. Tunda lililoiva kupita kiasi lina pektini pungufu. Changanya basi na robo ya matunda ambayo hayajaiva sawasawa, au kipande cha tofaa. Pika matunda peke yake kwanza mpaka yalainike, kwa kuwa sukari huyakaza maganda, ndipo utie sukari na kuchemsha kwa nguvu katika sufuria pana mpaka joto lifike nyuzi 105. Wanaoishi nyanda za juu wapunguze nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Bila kipimajoto, dondoshea jemu kidogo kwenye kisahani kilichotoka katika friza, subiri dakika 1, na uisukume kwa kidole. Uso wake ukikunjamana, imeiva. Kazi hii ni ya watu wazima, kwani sukari inayochemka huganda kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji; watoto watabandika vibandiko vya tarehe baadaye.

Jaza jemu ingali moto katika chupa zilizochemshwa, ukibakiza nafasi ya karibu nusu sentimita. Anayetaka kuziweka kabatini kwa miezi azifunge na kuzichemsha tena, maji yakizifunika kabisa, kwa dakika 10. Asiyefanya hivyo aziweke jokofuni na kuzitumia ndani ya wiki chache. Njia hii ni ya matunda yenye uchachu pekee. Mboga, nyama na supu zisihifadhiwe hivyo, kwa kuwa bakteria wa sumu ya botulizimu hustahimili maji yanayochemka na hustawi katika chupa isiyo na hewa. Vyakula hivyo mahali pake ni friza.