Vitonge na vipande vya oti visivyookwa, kwa joto la Mwanza

Maelekezo mengi ya vitafunwa vya oti yameandikwa kwa majiko ya nchi za baridi. Yanategemea mafuta ya nazi, siagi au chokoleti igande na kushika mchanganyiko. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mchana wa Mwanza hupita hapo karibu siku zote za mwaka. Kipande kilichotoka kwenye friji kikiwa kigumu huwa kimelegea kabla daladala ya Buhongwa haijafika mjini. Kwa hiyo huku ziwani kinachoshika oti kiwe utamu mzito: asali, tende au sukari guru iliyochemshwa. Mafuta yabaki kwa ajili ya ladha.

Oti zinazofaa ni zile bapa za kupikia uji, zisizotiwa sukari wala maziwa. Kiwandani hupitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, ndiyo maana zinaliwa bila kupikwa tena. Bapa nzima ni nzuri kwa vipande. Zile nyembamba za kuiva haraka ni nzuri kwa vitonge, maana hunyonya asali upesi. Oti zilizokatwa chenga ngumu ziache kabisa, utatafuna changarawe.

Vyovyote utakavyotengeneza, kaanga oti kavu kwanza. Tumia sufuria pana, moto mdogo, dakika 5 hadi 7, huku ukigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Epua mara harufu inapofanana na ya karanga, kabla rangi haijawa kahawia, kisha mwaga kwenye sinia zipoe. Ukiziacha ndani ya sufuria zitaendelea kuungua. Hatua hii huondoa ladha ya unga mbichi, na pia hutoa unyevu ambao oti huvuta zikikaa wazi, hasa miezi ya masika.

Karanga zinahitaji umakini zaidi kuliko kitu kingine chochote hapa. Unga wa karanga unaouzwa sokoni kwa ajili ya kuunga mboga mara nyingi umesagwa ukiwa mbichi, haufai kwa chakula kisichopikwa. Nunua karanga nzima uchambue mwenyewe. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu: huko ndiko sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hujificha, na kukaanga hakuimalizi. Usizipe kuku pia.

Kaanga zilizobaki kwa moto mdogo hadi ganda jekundu litoke ukizisugua, zikipoa kidogo zipete kwenye ungo. Kisha saga kwa blenda ikiwa kavu kabisa. Mwanzo utaona unga, baadaye madonge yanayogandia pembeni, halafu mafuta yanajitoa na kuwa uji mzito: hiyo ndiyo siagi ya karanga. Watu wengi hukata tamaa kwenye madonge na kuongeza maji. Maji yakiingia, siagi ya karanga hukaza badala ya kulainika, na vitonge vyake huota ukungu mapema. Zima blenda, kwangua pembeni, iache ipoe dakika 2, endelea. Kinu nacho kinafanya kazi ileile, mradi karanga ziwe bado na joto.

Kwa vitonge 20 hivi, kikombe kikiwa cha mililita 250:

- oti vikombe 2 (gramu 180 hadi 200)
- siagi ya karanga nusu kikombe
- asali theluthi moja ya kikombe
- zabibu kavu au tende zilizokatwakatwa nusu kikombe
- ufuta uliokaangwa vijiko vikubwa 3
- chumvi robo ya kijiko cha chai

Chumvi si ya hiari. Bila hiyo utamu wa asali hufunika karanga.

Koroga siagi ya karanga, asali na chumvi hadi ziwe kitu kimoja, ndipo utie oti zilizopoa, ufuta na zabibu. Oti za moto hulainisha siagi na kuchuruzisha mafuta, utabaki na mikono inayoteleza na tonge lisiloshikana. Funika bakuli, acha dakika 30. Mchanganyiko unaoonekana umeloa sana dakika ya kwanza huwa sawa kabisa baada ya muda huo, kwa hiyo usikimbilie kuongeza oti.

Kisha jaribu: chukua kiasi cha kijiko kikubwa, bana ndani ya ngumi. Ukimomonyoka, ongeza asali kijiko kimoja cha chai kwa wakati. Ukinata kiganjani kama ugali usioiva, ongeza oti kijiko kikubwa kimoja, subiri dakika 10 ujaribu tena. Lowanisha viganja kidogo sana unapofinyanga. Bana kwanza, viringisha baadaye. Tonge lililoviringishwa bila kubanwa hupasuka likikauka.

Asali nyepesi ndiyo chanzo cha vitonge vingi kulala kama chapati. Chota kwa kijiko uiachie: asali nzito, kama asali nzuri ya Tabora, hushuka kwa uzi usiokatika na kujikunja juu kabla ya kuzama. Ikidondoka kama maji, ipunguze hadi robo kikombe, uongeze tende 5 zilizotolewa kokwa, zilizolowekwa kwenye maji ya moto dakika 10, zikakamuliwa na kupondwa. Unga wa ubuyu kijiko kikubwa kimoja pia unasaidia, na uchachu wake unapendeza.

Vipande vinavyokatwa kwa kisu ni kazi nyingine, karibu na kashata. Changanya oti bapa vikombe 2 na nusu, karanga zilizokaangwa na kupondwa kidogo nusu kikombe, na ufuta robo kikombe. Pembeni weka siagi ya karanga vijiko vikubwa 3. Sasa kwenye sufuria ndogo tia asali theluthi ya kikombe, sukari guru iliyokwanguliwa robo kikombe, maji kijiko kikubwa kimoja na chumvi robo ya kijiko cha chai. Chemsha kwa moto mdogo. Povu litapanda, kisha litatulia na kuwa mapovu mazito yanayopasuka taratibu.

Hapo dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likusanye kwa kidole. Likitawanyika, bado. Likiwa kidonge laini kinachobaki na umbo majini na kulegea kikitoka, epua. Likilia likigonga kikombe, umepitiliza na vipande vitavunja jino.

Wenye kipimajoto wawe waangalifu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mwanza huchemka karibu na nyuzijoto 96, si 100. Kwa hiyo maelekezo yakisema 116, hapa epua kwenye 112. Ukisubiri 116 utapata jiwe bila kujua kosa liko wapi. Jaribio la maji baridi halina tatizo hilo.

Baada ya kuepua, koroga siagi ya karanga ndani, mimina juu ya oti na changanya upesi. Una dakika 2 tu kabla haijaanza kukaza. Hamishia kwenye chombo cha mraba cha sentimita 20 kilichotandikwa karatasi ya kuokea, au jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika, likafutwa na kupakwa mafuta kidogo. Gandamiza kwa kitako cha bilauri kilichopakwa mafuta, kwa nguvu, hasa pembeni. Vipande vinavyovunjika mkononi mara nyingi vilibanwa kwa huruma. Kata baada ya dakika 20 hadi 30, vikiwa na uvuguvugu, kwa kusukuma kisu chini badala ya kukereza. Vikishapoa kabisa vitapasuka ovyo.

Asiyefikisha mwaka mmoja asipewe kitu chochote chenye asali, kwa sababu ya vimelea vya botulizimu. Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe vyenye vipande vya karanga, wanaweza kupaliwa. Watengenezee vitonge laini, uwamegee vidogovidogo. Kama unapeleka shuleni au msibani, waambie watu kuna karanga na ufuta ndani.

Hifadhi kwenye kopo kavu linalofunga vizuri, karatasi kati ya safu na safu. Nje ya friji vinakaa siku 5, kwenye friji wiki 2. Ukitia ndizi mbivu badala ya asali, weka kwenye friji na umalize ndani ya siku 2. Umeme ukikatika vya asali haviharibiki, ila usifungue kopo ovyo, maana asali hunyonya unyevu wa hewa. Friji yenye dagaa au sato itavipa vitonge harufu kwa usiku mmoja, maana mafuta ya karanga hushika harufu haraka, basi kopo lifungwe barabara na likae rafu ya juu. Sisimizi nao hawakosi: weka kopo katikati ya sahani yenye maji.