Somo: kumfundisha mhamasishaji wa afya kupima presha na kumfuatilia mgonjwa

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na mkoba wao una mashine ya presha. Kosa ninalolikuta zaidi ninapofundisha ni hili: mtu ametoka kisimani, bado anahema, tayari amefungwa mkanda wa mashine mkononi.

Hatua ya 1. Anza na kupima, kabla hata hujataja chumvi. Wapange wawili wawili. Anayepimwa awe ameshakwenda haja ndogo, akae kimya dakika 5, ameegemea, nyayo zimekanyaga chini, miguu haikupishana. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya shati, na mkono ulazwe mezani usawa wa moyo. Halafu wapimane tena, safari hii mmoja akipiga soga na mkono ukining'inia. Mara nyingi namba hupanda mbele ya macho yao, na hapo hakuna tena wa kubishana nawe.

Hatua ya 2. Pima mara 2, dakika moja katikati. Andika zote.

Hatua ya 3. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, rudi siku nyingine umpime tena. Ikibaki hapo, mwandikie rufaa ya zahanati. Ya juu ikifika 180 au ya chini 110, aende leo leo. Kukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda au mkono kulegea, tafuta gari kwanza.

Hatua ya 4. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda, achari na viungo vya pakiti. Hesabuni jikoni kwa mwenyeji, siyo ubaoni.

Hatua ya 5. Ukiuliza “unameza dawa?” utajibiwa ndiyo. Sema, “Mama, nionyeshe paketi tuhesabu pamoja.”

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, jirani yangu ana 152/94. Nimwambie ana presha?*
La. Mwambie leo namba iko juu, na umtajie siku utakayorudi. Kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya zahanati.

*Mama mmoja ana mkono mnene, mkanda unabana.*
Mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ya kweli. Usilazimishe, apimwe kituoni kwa mkanda mkubwa.

*Babu ameacha vidonge. Anasema kichwa hakimuumi, tena anakunywa maji ya kitunguu saumu.*
Usimgombeze. Presha inaweza kukaa miaka bila kuuma popote huku inaharibu figo na moyo, mweleze hivyo kwa upole. Kisha muulize kilichomchosha: miguu ilivimba? kikohozi kikavu? nauli? Vidonge vingine huleta uvimbe au kikohozi, na daktari anaweza kubadilisha. Kitunguu saumu ale na mboga zake. Siku ya kliniki, Babu msindikize.