Koo likikuuma Uingereza, usikimbilie zile Amoxil za begini

Nawaandikia watu wa Mombasa mlio Uingereza, hasa nyinyi ambao kila mtu akisafiri mwaletewa mfuko wa dawa. Mimi mama mkubwa alinitilia Amoxil, yaani amoksilini, antibayotiki ya jamii ya penisilini, kwenye begi pamoja na achari na mabuyu, koo liliponikaba nikazinywa vile tulivyozoea sote, siku si nyingi mwili mzima vipele vyekundu. Daktari wa zamu akaviangalia, hakuuliza mengi, akaandika kwenye kompyuta aleji ya penisilini. Vipimo vilipotoka kumbe koo lilikuwa la virusi vya Epstein-Barr, na mwenye virusi hivyo akinywa amoksilini aweza kutokwa na vipele hata kama hana aleji.

Mtego uko hapo. Nyumbani ukihama kutoka kemisti ya Mwembe Tayari ukaenda nyengine hakuna anayekujua, waanza upya. Huku neno aleji likishaingia kwenye faili lakufuata kila hospitali, ukiugua wapewa dawa mbadala hata pale penisilini ndiyo ingefaa zaidi, na kulitoa ni kazi. Mwambie GP, daktari wako wa mtaani, ulikunywa dawa gani, lini, vipele vilianza siku ya ngapi, kama ulivimba midomo au pumzi ilibana, halafu uombe kupelekwa kupimwa aleji. Narudia tena, usiache mtu akuandikie aleji hivi hivi bila kumuuliza ameijuaje! Na ukiwa umekunywa dawa za nyumbani sema, usione haya.

Mama zetu na shangazi zetu, twawapenda, lakini tumeni visheti. Najua woga wenu watoka wapi, koo la bakteria likiachwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi ikaharibu moyo, na kwetu hilo bado lipo. Lakini mtu mzima akiumwa koo mara nyingi ni virusi tu, huisha kama wiki hivi, antibayotiki haisaidii kitu. Na habari za kukata kimio wachaneni nazo kabisa.

Utaratibu wenyewe mwepesi: panadol, maji ya chumvi kusukutua, asali na ndimu. Usipopata nafuu na uko England, nenda famasi, tangu Januari 2024 mfamasia aweza kukuangalia bila miadi ya daktari. Atauliza kama ulikuwa na homa saa 24 zilizopita, kama mafindofindo yana usaha, kama yamevimba sana, kama umekuja ndani ya siku 3 tangu uanze, na kama huna kikohozi wala mafua. Kila ndiyo ni pointi moja, ukipata 4 au 5 ndipo aweza kukupa penisilini. Ukikohoa sema wakohoa, msidanganye ili mpewe dawa.

Waingereza nao wana subira ya kuudhi, mtu koo limefunga na yuko kazini na kikombe cha chai asema yuko sawa. Kwa hili la antibayotiki wako sahihi, lakini subira hiyo usiige ukiona koo limevimba upande mmoja, mdomo haufunguki vizuri, sauti imekuwa nzito kama una kitu mdomoni, au huwezi kumeza hata mate. Hilo laweza kuwa jipu nyuma ya findo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana piga 999. Na wewe unayekunywa kabimazoli ya tezi ya shingo au uliye kwenye dawa za saratani, koo likianza tu piga simu upimwe damu, usingoje wiki iishe.