Stata ya Pikapu Isipoitika: Namna ya Kutambua Hitilafu na Kuibadilisha

Kabla hujatoa fedha kununua stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, hakikisha kwanza kwamba betri, vichwa vyake na waya wa ethi (unaounganisha upande hasi wa betri na bodi na injini) ni vizima, kwa sababu kasoro ya kimojawapo hujionyesha kwa dalili zilezile za stata iliyokufa. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga stata nyingine kwenye pikapu ninayobebea mahindi kutoka Kibaigwa, na gari likanyamaza vilevile. Waya wa ethi ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake, ilhali kwa nje ulionekana mzima kabisa.

Anza kwa kusikiliza. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, kisha umwombe mwenzako apige stata huku wewe ukisimama mbele ya gari. Taa zikififia sana na ukasikia mlio wa tiki-tiki-tiki wa haraka, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia mgoto mmoja mzito na injini isizunguke, ilhali betri ni nzima, mashaka yanahamia kwenye solenoidi, yaani kile kikopo kinachosukuma bendeksi (gia ndogo ya stata inayoishika injini) na kupitisha umeme mkubwa, au kwenye kaboni zilizoisha, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka. Taa zikibaki na mwanga wote na usisikie chochote, fuatilia swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na ule waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi. Stata ikizunguka kwa mlio mwembamba pasipo kuishika injini, bendeksi imechoka. Na mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni dalili ya meno yaliyolika, ama ya bendeksi ama ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na bendeksi.

Baada ya hapo tumia multimita, kifaa cha kupimia umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na ikishuka hadi 12.2 imebaki na nusu tu ya chaji. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Kisha weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ipigwe tena. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotea kwenye ethi, na hapo hata stata mpya haitakusaidia. Pima vivyo hivyo kati ya kichwa chanya na nati ya waya mnene kwenye stata. Kwa magari yanayoshinda kwenye barabara za vumbi za Bahi na Chamwino, kazi ya kufungua maungio hayo, kuyapiga msasa na kuyakaza upya mara nyingi humaliza tatizo.

Iwapo vyote hivyo ni vizima, ishushe stata. Fungua kwanza waya hasi wa betri, bila kubahatisha, kwani spana ikigusa nati ya stata na bodi kwa pamoja wakati betri imeungwa, itatoa cheche kali na inaweza kukuunguza. Zuia matairi kwa mawe, na kama umeliinua gari, liegemeze kwenye stendi imara, wala usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Stata hukaa pale injini inapoungana na gia boksi. Fungua nati ya waya mnene, chomoa ule mwembamba, kisha legeza bolti zinazoifunga, ambazo kwa kawaida ni mbili. Ya juu ndiyo itakayokutesa, kwa kuwa mara nyingi haionekani na huhitaji soketi yenye mkono mrefu. Bolti ya mwisho inapotoka, uwe tayari umeishika stata kwa mkono mwingine, maana ni nzito.

Usikimbilie kuitupa. Katika stata nyingi za Hilux za dizeli za miaka ya nyuma, mgoto mmoja mzito husababishwa na vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi. Ukifungua kifuniko chake utaviona vimelika upande mmoja na kuungua hadi kuwa vyeusi, na pengine kimoja kimebaki chembamba kiasi kwamba kisahani kinachopaswa kuvigusa vyote viwili hukigusa kimoja tu. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake, kama zinavyobadilishwa kaboni, kwa gharama ndogo kuliko ya stata nzima.

Ikibidi kununua nyingine, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya meno ya bendeksi, upande inakozungukia, nafasi ya matundu ya bolti na volti, kwa kuwa baadhi ya magari ya dizeli kutoka Japani hutumia volti 24. Omba ijaribiwe kwa betri mbele yako, hasa ikiwa ni ya mtumba.

Kabla ya kuifunga, chungulia meno ya flaiwili kupitia tundu la stata huku injini ikizungushwa taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele. Safisha chuma pale stata inapokaa, kwa sababu hupata ethi yake kupitia hapo. Usiipake bendeksi grisi nzito: vumbi letu la kiangazi litanata juu yake na kuikwamisha. Kaza bolti, rudisha nyaya za stata, na umalizie na waya hasi wa betri. Unapojaribu, usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe kama dakika moja, na ukisikia mkwaruzo baada ya injini kuwaka, zima mara moja, kwani bendeksi haijarudi mahali pake.