Kusaini na kufunga imeli kwa Thunderbird: anza na sahihi kwanza

Watu wengi wakisikia mambo ya kufunga imeli (encryption, yaani barua isomeke na anayetumiwa tu) wanafikiria ni ya majasusi ama wanahabari, wanaachana nayo. Lakini ule wizi unamaliza watu wa biashara huku kwetu hauhitaji mtu asome siri zako, unahitaji tu mtu aandike kama wewe. Sema uko na hadwea pale Kibuye, saplaya wako wa mabati yuko Nakuru na mnatumiana invoisi kwa imeli, halafu asubuhi moja inaingia barua iko na jina lake, logo yake, hata vile huwa anakusalimia, inasema tumebadilisha akaunti ya benki, lipa kwa hii. Jina la mtumaji mtu yeyote anaweza kuandika lile anataka, na kama mwizi alishapata paswadi ya saplaya basi hata anwani itakuwa ile ile ya ukweli. Sasa utajuaje?

Hapo ndio sahihi ya kidijitali inasaidia, na ndio maana mimi huambia watu waanze na kusaini, kufunga kutafuata.

Vile inafanya kazi: programu inakutengenezea funguo mbili zinazoenda pamoja. Wa umma unampa kila mtu, wa siri unabaki kwa kompyuta yako. Ule wa umma ni kama kufuli wazi umegawia watu, yeyote anaweza kubana barua yako nayo lakini wewe pekee ndio unaweza kufungua. Kusaini ni kinyume, ufunguo wako wa siri unaweka sahihi iliyofungamana na maneno yenyewe ya barua, na mwenye ufunguo wako wa umma anaweza kuikagua. Mtu akibadilisha tarakimu moja tu ya namba ya akaunti, sahihi inakataa. Na mwizi aliye na paswadi ya imeli peke yake hana ule ufunguo wa siri, kwa hivyo hawezi kusaini.

Mfumo huu msingi wake ni PGP, ambayo Phil Zimmermann aliitoa Marekani mwaka 1991, siku hizi kanuni zake zinaitwa OpenPGP. Tumia Thunderbird, programu ya imeli ya kompyuta, ni ya bure, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 OpenPGP iko ndani tayari. Ukikuta maelezo yanakwambia uweke kiongezo cha Enigmail kwanza, hayo ni ya zamani, pita.

Ukishaingiza imeli yako kwa Thunderbird (hata kama ni ya Gmail, itakubali), fungua "Account Settings", chagua "End-To-End Encryption", bonyeza "Add Key" halafu uchague kutengeneza ufunguo mpya. Itakuuliza muda wa kuisha, kawaida imewekwa miaka 3, wacha hivyo tu, muda unaweza kuongezwa baadaye. Usifanyie hii kazi kwa kompyuta ya saiba. Kabisa. Ufunguo wa siri unakaa kwa mashine uliyoutengenezea, na mashine ya saiba ni ya kila mtu.

Kabla hujatuma barua hata moja fanya mambo mawili. Weka "Primary Password" kwa settings upande wa "Privacy & Security", kwa sababu bila hiyo mtu akiokota laptopu yako ikiwa imewaka anaweza kutumia ufunguo wako bila kuulizwa chochote. Halafu ingia "OpenPGP Key Manager", tengeneza bakap ya ufunguo wa siri, itakuomba paswadi ya kuilinda, weka kwa fleshi na fleshi ikae nyumbani, isizunguke na laptopu kwa begi moja. Ukipoteza ufunguo wa siri na huna bakap, barua zote ulizofungiwa zimeenda, hakuna ofisi ya kupigia simu.

Sasa kutuma. Kwa dirisha la kuandika barua kuna menyu ya "OpenPGP", weka tiki kwa "Digitally Sign" na kwa "Attach My Public Key", tuma. Mwenye hatumii hii kitu atasoma barua yako kama kawaida, ataona tu vifaili vidogo vya ziada mwishoni, mwambie mapema asiogope akidhani ni virusi. Mwenye anatumia Thunderbird ataweza kuingiza ufunguo wako, na yeye akikutumia wake sasa mnaweza kubonyeza "Encrypt" na mkafungiana barua. Kama huna ufunguo wa mtu, Thunderbird itakataa kumfungia, na hiyo ni sawa.

Hatua inayofuata ndio watu huruka na ndio yenye uzito kuliko zote. Ufunguo uliokuja kwa imeli unaweza kuwa wa mwizi pia, si yeye pia anaweza kutengeneza wake na aweke jina la saplaya? Kila ufunguo una alama ya kidole (fingerprint) yenye herufi na tarakimu 40, zimepangwa nne nne. Pigia mwenyewe simu, kwa ile namba unayo toka zamani na sio namba iliyoandikwa kwa hiyo imeli, mmoja asome mwingine afuatilie kwa skrini. Herufi ni A mpaka F tu, lakini B, D na E kwa simu zinasikika sawa hasa mtu akiwa kwa matatu, kwa hivyo someni na majina ya huku: A ya Ahero, B ya Busia, C ya Chavakali, D ya Dunga, E ya Eldoret, F ya Funyula. Zikilingana zote, chagua ile ya kusema umethibitisha wewe mwenyewe. Kuanzia hapo barua ya kubadilisha akaunti ikija bila sahihi, ama Thunderbird iseme "Invalid Digital Signature", usilipe, piga simu.

Jua pia kwamba kufunga hakufichi nani ameandikia nani wala saa ngapi. Kichwa cha barua (subject) Thunderbird inakifunga, lakini programu zingine zitaonyesha nukta tatu tu hapo.

Kwa simu ya Android kuna Thunderbird tangu 2024, ila itahitaji app nyingine, OpenKeychain, ya kushika funguo. Wenye ofisi zenu ziko kwa Outlook, huko kuna S/MIME, mfumo mwingine wa kusaini na kufunga, hiyo inataka cheti kutoka kwa kampuni ya kutoa vyeti na haiongei na OpenPGP, kwa hivyo kubalianeni mapema mnatumia gani.

Na laptopu ikiibiwa, usingoje. Badilisha paswadi ya imeli, ingiza ile bakap ya fleshi kwa mashine nyingine, ubatilishe ufunguo kwa "Revoke Key" pale kwa Key Manager, halafu utumie kila mteja ufunguo wa umma uliobatilishwa pamoja na mpya, na alama ya kidole ya huo mpya msomeane tena kwa simu.